Sori ya Nini?

Mwezi huu tuongee habari ya neno moja dogo lililoingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi, na sasa limekaa sebuleni kama mwenye nyumba. Neno lenyewe ni "sori".

Jumapili moja baada ya ibada tulipita kwa jirani yetu mmoja hapa Kinyerezi kumjulia hali mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Singida kutibiwa macho. Tulikaa barazani tukimsaidia mwenyeji wetu kuchambua mchicha, watoto wakicheza uani. Mara mjukuu wa kiume, wa darasa la pili katika moja ya shule hizi zinazofundisha kwa Kiingereza, akamsukuma mdogo wake. Mtoto akaangukia ndoo, mdomo ukapasuka. Kabla damu haijafika kidevuni, yule mkubwa alikwisha kusema "sori" huku akiukimbilia mpira wake. Mama yao akaridhika kabisa. Akamwambia aliyeumia, "Haya basi, kaka ameshasema sori. Nyamaza."

Yule bibi, jicho moja likiwa bado limefunikwa bandeji, akageuza kichwa akauliza: "Nani huyo anampa mwenzie pole? Si ndiye huyo huyo aliyemsukuma?"

Tulicheka sana. Lakini usiku, tulipokuwa tunapiga pasi sare ya kazini, swali la bibi lilirudi, na safari hii halikutuchekesha. Bibi yule hajui Kiingereza. Neno "sori" amelijua kwa jinsi anavyolisikia njiani. Mtu akijikwaa anaambiwa sori. Ndoo ya maji ikimmwagikia mama wa watu, wapita njia wanasema sori. Kwake yeye sori ni pole kwa lugha ya mjini. Na pole husemwa na mwenzako aliyekuona ukiumia. Haisemwi na aliyekuumiza, akaishia hapo.

Hebu tulitazame hili neno pole, kwa sababu ni mali yetu na tumelizoea mno. Pole na kazi, pole na safari, pole kwa msiba, pole kwa kuuguliwa. Ukisema pole unamwambia mwenzako kwamba umeuona mzigo wake. Husemi ni nani aliyembebesha. Tumewahi kufanya kazi wodini na wauguzi wageni kutoka Ulaya, na jambo hili liliwachanganya. Mmoja aligonga goti kwenye kitanda, sote tukamwambia sori, naye akajibu kwa mshangao kwamba sisi hatukumkosea, mbona tunamwomba msamaha? Hatukumwomba msamaha. Tulimpa pole kwa lugha yake, tukidhani ndivyo inavyosemwa.

Samahani ni neno la aina nyingine. Ukisema samahani, au nisamehe, unakiri kwamba mzigo ule uliuweka wewe. Basi Waingereza wametia pole na samahani katika gunia moja, wakafunga kamba, wakaandika nje "sori". Wao wenyewe wanajua kulipekua gunia lao, maana kwa sauti na kwa maneno yanayofuata wanatambua ni lipi limekusudiwa. Sisi tumelipokea gunia bila kulifungua, tukawapa watoto.

Kesho yake tulikwenda kutazama katika kamusi yetu ya Kiingereza, ile tuliyonunua tukiwa chuo cha uuguzi, imeshaachia jalada. Tunakiri tulikaa nayo muda mrefu kuliko tulivyopanga, wali ukaungua kidogo. Hilo neno "sorry" asili yake ni ukoo mmoja na neno lao la kidonda kinachouma. Kumbe tangu zamani lilikuwa linasema "nina maumivu". Bibi wa Singida hakuwa mbali sana.

Wanalo na neno "regret". Hili ni kusikitika kwa jambo lililopita. Unaweza kulitumia kwa kosa lako, lakini pia unaweza kulitumia kwa mvua iliyonyesha siku ya harusi ya binti yako, na mvua hukuileta wewe. Kila aliyewahi kuomba kazi anaijua barua inayoanza na "tunasikitika kukuarifu". Mama, hivi unaamini kuna mtu alisikitika pale ofisini?

"Remorse" lina uchungu zaidi. Limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kung'atwa tena. Yaani tendo umelifanya mara moja, lakini linarudi kukung'ata usiku. Kiswahili hakina haja ya kuazima hapo, kwa maana sisi tunasema moyo unamsuta mtu. Na mama wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kusutwa ni nini. Umemsengenya mwenzako, wanakuja kundi zima mlangoni kwako, wameshona sare, pengine na ngoma, wanakuuliza mbele ya mtaa mzima: ulisema au hukusema? Sasa fikiria kundi lile limehamia kifuani mwako, na haliondoki jua likizama.

Lililotushangaza kuliko yote ni neno lao kubwa la kuomba msamaha, lile linaloandikwa katika barua rasmi, "apology". Asili yake ni Kigiriki, na huko lilikuwa na maana ya hotuba ya mshitakiwa anayejitetea. Kujitetea! Tulifunga kamusi tukacheka peke yetu, kwa sababu msamaha wa namna hiyo tunaujua vizuri, tumeupokea mara nyingi na tumeutoa mara nyingi zaidi.

Watu wa pwani nao wana radhi. Niwie radhi, naomba radhi, kunradhi. Kunradhi ni Kiarabu, maana yake "uwe radhi". Angalia neno hili linamtazama nani. Sori inazungumzia moyo wa anayesema, kwamba yeye anaumia. Radhi inazungumzia moyo wa aliyekosewa, ikiomba utulie tena. Anayeomba radhi hawezi kuondoka akikimbilia mpira. Anapaswa asimame aone kama radhi imepatikana.

Unaweza kusema, mama, kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha, wewe una sufuria jikoni. Ngoja tukuonyeshe jinsi wakubwa wa dunia wanavyoyapima maneno haya kwa mizani ya dhahabu. Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Katika karamu ya Ikulu alizungumzia mateso ambayo Waingereza waliwatendea Wakenya wakati wa kupigania uhuru, enzi za Mau Mau. Alisema matendo yale hayana udhuru wowote, na kwamba makosa ya zamani yanampa huzuni kubwa na majuto makubwa. Neno alilotumia ni lile lile "regret". Kuomba msamaha hakuomba. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imedai msamaha wa wazi kabla hajafika, na Wakenya walisikiliza sentensi hadi nukta ya mwisho wakingoja neno moja ambalo halikuja. Miaka kumi nyuma, tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikuwa imesema vivyo hivyo bungeni kwao. Ilieleza masikitiko ya dhati, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 waliodai, lakini ikaendelea kukataa kwamba kisheria inawajibika.

Kesho yake baada ya karamu ile, Jumatano tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa kwetu, Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Vita vile vya mwaka 1905 hadi 1907 tumevisoma wote shuleni. Wapo wanaokadiria waliokufa kuwa 75,000, wapo wanaofika 300,000, na wengi waliuawa na njaa kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais yule alikutana na ukoo wa Mbano, akasema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Aliahidi pia kwamba Wajerumani watasaidia kumtafuta nduna huyo, ingawa hakuahidi kwamba atapatikana. Wapo waliosema maneno peke yake hayatoshi bila fidia, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini neno lilitajwa, na waliotendewa walitajwa.

Kwa nini mmoja aseme majuto na mwingine aseme msamaha, usiku mmoja tu ukiwatenganisha? Wanasheria wanaeleza kwamba anayeomba msamaha amekiri, na anayekiri anaweza kudaiwa. Anayesikitika tu hajakiri kitu. Hofu hiyo hiyo tunaikuta hospitalini. Muuguzi au daktari akikosea anaogopa kumwambia ndugu wa mgonjwa samahani, anajificha nyuma ya pole. Waingereza hao hao waliweka katika sheria yao ya fidia ya mwaka 2006 kwamba kuomba msamaha, kwa kitendo hicho peke yake, si kukiri uzembe. Tunatamani kila mwenzetu wa kazi angelisikia hilo.

Basi tusiwacheke wafalme. Nyumbani mwetu tunapima vivyo hivyo. Mume anasema, "Basi, kama nimekukosea nisamehe." Hiyo "kama" imebeba kazi kubwa! Anakuambia kwamba hana hakika kama kosa lipo, pengine liko kichwani mwako tu, lakini kwa kuwa umenuna na chakula kimechelewa, chukua msamaha huu tulale. Na sisi akina mama tunayo ya kwetu. Mwisho wa mwaka tunatuma kwa simu ujumbe mmoja kwa watu mia mbili: kama kuna mahali nilikukosea mwaka huu, nisamehe. Wifi uliyemnyima mwaliko wa harusi anaupata sawasawa na fundi cherehani ambaye hujawahi kugombana naye. Wifi anaufuta.

Kiswahili chetu kitamu kina milango mingine ya uani. Kikombe kimevunjika. Chumvi imezidi. Hela ya ada imetumika. Maneno yalinitoka. Umeona? Kikombe kimejivunja, hela imejitumia, maneno yametoka yenyewe kama kuku waliosahauliwa mlango. Ukimuuliza mtoto "nani kavunja?" anakujibu tena, "kimevunjika, mama." Mwambie aanze na "nimevunja", uone jinsi neno linavyomkwama kooni. Na mlango mkubwa kuliko yote ni ule wa shetani. "Ni shetani tu alinipitia." Hatubishi kwamba shetani yupo. Lakini tumeona watu wengi wakimtupia mzigo wote, wao wakabaki wasindikizaji katika dhambi yao wenyewe. Yule mwana mpotevu wa Injili, alipokuwa kule kwa nguruwe, alipanga maneno yake kabla ya safari, akayabeba njia nzima hadi kwa baba yake. Hakumtaja shetani, wala njaa, wala marafiki waliomla.

Hapa Kinyerezi tumechanganyika makabila yote, na mtu akikaa vizuri na majirani anajifunza. Wachaga wana mmea uitwao isale, utauona umeota kando ya mipaka ya mashamba kule Kilimanjaro, na wengine wamekuja nao wakaupanda langoni hapa Dar es Salaam tukidhani ni ua la urembo. Mtu akiwa amekosa kosa kubwa, hutumwa kwa aliyekosewa jani la isale, mara nyingi mikononi mwa mzee wa kuheshimiwa. Jani likishapokelewa ugomvi ule unalazwa, na kulikataa ni jambo zito ambalo mtu halifanyi hivi hivi. Mama mmoja wa Kibosho alitueleza jambo lililotukaa moyoni. Alisema jani lenyewe halisemi kitu, lakini mzee anayelibeba lazima aelezwe kosa ni nini. Huwezi kumtuma mzee wa watu kilima na bonde ukamwambia, "Kaseme kama kuna kosa."

Sasa vipi baba ambaye kinywa chake hakifunguki? Wapo wengi. Ameongea vibaya asubuhi, jioni anarudi na kilo ya nyama, au doti ya kanga, au anakwenda mwenyewe kujaza mapipa siku maji yametoka. Mama mkwe wangetuuliza, wangesema hiyo ndiyo lugha ya wanaume, ipokee. Sisi tunasema ipokee, nyama ipikwe, lakini siku moja mkiwa mmetulia mwambie kwa upole kwamba kanga umeifurahia na neno bado unalingoja. Wapo waliolelewa nyumba ambazo hawakumsikia mtu mzima hata mmoja akisema "nimekosa". Wasipofundishwa na mke watafundishwa na nani? Nasi tujiulize watoto wetu wametusikia mara ngapi tukimwambia binti wa kazi, "Nilikusingizia ile elfu kumi, nimeiona kwenye mkoba wangu, nisamehe." Wengi wetu tukiiona ile elfu kumi tunanyamaza, kisha tunampa binti yule gauni kuukuu.

Tunaomba hapa tusieleweke vibaya, na katika hili tunasema kama wauguzi. Yupo mume anayepiga. Usiku anapiga, asubuhi analia, anapiga magoti, anaapa, analeta zawadi, analeta na wazee wa kanisa wamwombee msamaha. Wiki ya tatu anapiga tena. Tumewafunga majeraha akina mama ambao midomo yao iliyopasuka ilikuwa inasema "lakini alishaniomba msamaha". Mama, maneno ya msamaha hupimwa kwa yanayofuata. Unaweza kumsamehe mtu moyoni na bado ukalala kwa dada yako ukiwa salama na wanao. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, ueleze, upewe ile fomu tunayoiita PF3, uende hospitali ukatazamwe na kuandikiwa. Mtumishi wa kanisa anayekuhimiza urudi nyumbani kabla mume hajabadilika amekosea, nasi tunalisema hilo tukijua wapo watakaotukasirikia.

Turudi kwa yule kijana wa darasa la pili. Mama yake alituuliza kama amkataze kusema sori. Tulimwambia asimkataze, Kiingereza atakihitaji. Amsimamishe tu mbele ya mdogo wake, amtazame ule mdomo, aseme alichofanya kwa jina lake: nimekusukuma. Kisha amletee maji asukutue na kitambaa safi cha kukandamiza palipopasuka, damu ikate. Ikishakata, akitaka kuongeza sori kwa Kiingereza cha mwalimu wake, na aongeze. Usimlazimishe kulia wala kusema kwa sauti ya huzuni, mtoto hujifunza kuigiza haraka sana. Wala usimlazimishe yule mdogo ajibu "haya, nimekusamehe" hapo hapo, mdomo bado unamwasha. Apewe nafasi ya kununa kidogo, ni haki yake.

Ni rahisi kuyaandika haya. Sasa tuseme la kwetu. Ukurasa huu umezoea kusema "sisi", lakini katika hili hapakuwa na wenzetu.

Ilikuwa mwaka 2016, katika kituo kimoja cha afya, siku ya kliniki ya watoto. Foleni ilifika nje, chumba kina joto, na muuguzi mwenzetu alikuwa mgonjwa, hivyo meza mbili zilikuwa za mtu mmoja. Akaja mama kijana, mtoto mgongoni ana miezi 13. Tukafungua kadi, tukaona chanjo ya surua ya miezi tisa hakupewa, na miezi minne mizima hakuletwa kupimwa uzito. Tulipandisha sauti. Tulimuuliza, mbele ya akina mama wote wale, alizaa ili nani amlelee mtoto. Yule mama hakujibu. Aliinamisha kichwa, akamshika mwanawe akachomwa sindano, akaondoka. Wiki hiyo hiyo mama mwingine wa mtaa wake alitunong'oneza kwamba miezi ile minne alikuwa Njombe akimuuguza mama yake mzazi, na kwamba alirudi baada ya kumzika.

Tungeweza kumtafuta, kwa maana kadi inaonyesha mtaa. Hatukumtafuta. Tulijiambia tutamwona miezi 18, siku ya chanjo ya pili. Miezi 18 ikapita, hakuonekana.

Mwaka 2018 tulikutana naye kituoni tukingoja daladala. Tulimtambua mara moja, naye alitutambua. Tukacheka kile kicheko cha watu wanaotaka jambo liishe, tukamwambia, "Sori mama, siku ile jamani."

"Sori ya nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli.

Tukaanza kueleza. Foleni ilikuwa ndefu. Tulikuwa peke yetu. Joto lile unalijua. Na wakati ule wilaya ilikuwa inatudai takwimu za chanjo... Gari likaja, akapanda. Hata kabla halijaondoka tulijua kwamba tumetoa ile hotuba ya Kigiriki ya kujitetea, ingawa wakati huo hatukuwa tumeijua.

Ilipita kama miezi minane. Tukamwona tena sokoni, ameinamia fungu la dagaa anachagua. Miguu ilitaka kupita upande wa pili, tunakiri. Tukamwendea, tukamsalimu, tukamwomba tusogee pembeni, na hapo neno "sisi" halikufaa tena. "Mama," nilimwambia, "mwaka ule kliniki nilikufokea mbele ya watu. Nilikuuliza ulizaa ili nani akulelee mtoto. Sikukuuliza kwa nini hukuja. Ulikuwa umetoka kuzika mama yako, mimi nikakuaibisha. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Muuza dagaa alikuwa anatutazama.

"Mtoto sikumrudisha tena pale," akasema. "Nilikuwa naogopa. Ile chanjo ya pili alikuja kupata ana miaka mitatu, dada yangu ndiye alimpeleka."

Tukamuuliza kama mtoto ni mzima. Akasema ni mzima, anakwenda chekechea, msumbufu kama nini.

Kisha akainua mfuko wake. "Nimesikia, nesi," akasema. Hakusema amesamehe. Akarudi kwenye fungu lake, akaanza kuchagua dagaa tena, nasi tukasimama pale kidogo, halafu tukaenda kununua nyanya.